Mstari wa Chaki kwenye Madigadi

Naku mwanangu,

Usitafute humu habari za kufua shuka, kula kwa wakati na kuangalia pochi yako stendi. Hayo shangazi zangu wameshakushindilia mpaka umeanza kuitikia "ndiyo" kabla hawajamaliza kusema. Mimi nimekaa kwenye cherehani, nimesukuma vitambaa vya watu pembeni, na ninaandika nikiwa na kinyaa.

Najua utashangaa. Mwanamke aliyeolewa tangu Pasaka tu, anayeamshwa kila asubuhi na mwanaume anayeimba pambio huku ananyoa ndevu, angepaswa kukuandikia kwa asali. Na asali ninayo, mwanangu, inanimwagikia. Jana Eliamani amenimenyea miwa akaikata vipande vidogo vidogo kama anamlisha mtoto, akaniwekea kwenye kibakuli karibu na mkono wa cherehani, akaondoka bila kusema neno. Nimetafuna huku natabasamu peke yangu mpaka mteja akaniuliza kama nimeokota kitu. Nimekwambia mara ngapi kwamba sikujua moyo wa mtu mzima unaweza kuruka namna hii? Umenijibu, "Mama, jamani, nimekula sasa hivi." Haya, naacha.

Lakini leo alasiri nimeona kitu uani kwetu kikanitia kinyaa hiki, na wewe umo ndani yake. Kesho basi litakuchukua kwenda Dodoma. Kabla ya basi, fundi wa kuchomelea atakuja na mashine yake ya kukatia bati. Kwa hiyo ni lazima niandike sasa.

Nianze na yale matairi.

Nayachukia. Ulipoyaleta kutoka Moshi juu ya keria ya Hiace, yamefungwa kamba kama ng'ombe wa mnada, nilipiga vigelegele kwa sababu yalikuwa zawadi yako ya harusi na ulikuwa umejinyima ili uyapate. Sasa nikwambie ukweli niliouficha nyuma ya vigelegele vile. Niliona mapande manne ya mpira mweusi yaliyovimba, na rimu pana zinazong'aa kama meno ya tapeli. Nikamtazama Bi Mkubwa, gari la Eliamani, amesimama pale chini ya mkwaju, na vijitairi vyake vyembamba vya tangu enzi za mkonge, nikamwonea huruma kama ninavyomwonea huruma bibi kizee anayevishwa viatu vya kisigino kirefu na wajukuu ili wacheke.

Unajua gari lile ni nini kwa Eliamani. Alikuwa kijana wa kuosha vipuri vya injini kwenye shamba la mkonge, na yule mhandisi mgeni alipofunga mizigo yake akamwachia funguo. Gari la Kimarekani, kifua kirefu kama kitanda cha hospitali, milango miwili, usukani kushoto, rangi ya parachichi lililoiva, na injini inayonguruma mpaka vikombe vinagongana kabatini. Miaka yote aliyokaa Ndungu akitengeneza pampu za mashamba ya mpunga, akiendesha baiskeli kwenye matope, gari lilikuwa limefunikwa turubai. Jumamosi alikuwa analiwasha, analipasha moto, analifuta, analifunika tena. Wanawake wa sokoni hapa Same waliponiona na pete wakanipokea vizuri: "Hongera, mke mdogo! Mke mkubwa bado yuko gereji?" Ndiyo jina lenyewe likaanzia pale. Nilicheka nao. Kwa kweli nilimpenda kwa sababu hiyo hiyo. Nilijiambia, mwanaume aliyelitunza bati namna ile hatanitupa mimi.

Basi mkaanza kuyafunga yale matairi, wewe chini na spana, yeye ameshika jeki na kukuitikia "sawa, mama" kwa kila ulichosema. Mlipomaliza, Bi Mkubwa alikuwa amepanua miguu kama mtu mwenye jipu. Ukachukua kiberiti mezani kwangu, ukakipitisha kati ya tairi na madigadi, bati linalolifunika. Ukapiga kelele.

"Kinapita! Mzee Eliamani, kiberiti kinapita!"

"Pande zote?"

"Zote! Njoo uone!"

Akainama, akaona, akakupigia makofi. Na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na tepu shingoni.

Hapo ndipo ninapojichukia. Mimi ni fundi nguo, Naku. Hakuna sketi inayotoka kwangu kabla mteja hajaketi kwenye stuli, akainama kama anayefunga kiatu, akainua mikono kama anayemshangilia mwimbaji. Wakinuna nawaambia, "Mama, nguo haipimwi ukiwa sanamu. Kanisani utakaa, sherehe utacheza." Wewe mwenyewe umekua ukisikia maneno hayo mpaka ukawa unayatania. Na siku ile niliona gari tupu, limesimama kwenye uwanja bapa, magurudumu yamenyooka, linapimwa kwa kiberiti. Ulimi wangu ulijua. Ulifika mpaka kwenye meno. Nikaumeza kwa sababu mlikuwa mnacheka pamoja, wewe na yeye, kwa mara ya kwanza, na nilikuwa na kiherehere cha bibi harusi, na nilitaka kila kitu kiwe kizuri. Nikaenda kushona maua kwenye kola.

Siku yenyewe unaikumbuka, ila huikumbuki kutoka kiti cha nyuma, kwa hiyo ngoja nikupe ya huko.

Wewe usukani, Eliamani pembeni yako na suti yake ya kijivu, mikono magotini kama mwanafunzi. Mimi nyuma katikati, kulia Shangazi Namsifu, kushoto mdogo wake Shangazi Ruthi, na unawajua shangazi zangu, hakuna aliyezaliwa na mifupa midogo. Buti limejaa sufuria za makande, mkungu wa ndizi, sanduku langu la nguo, na cherehani hii hii ninayoiegemea. Tumetoka kanisani tunakwenda Mbaga kwa mama mkwe. Barabara ya chini ilikwenda salama. Watu wa bodaboda walitupigia honi, watoto wakakimbia nyuma yetu. Ukanitazama kwenye kioo ukanikonyeza, na mimi nilijiona malkia wa dunia. Tulipopita Mwembe njia ikaanza kupanda, ukakata kona ya kwanza, nikasikia chini ya makalio yangu sauti kama mtu anasaga mfupa.

"Ni mawe hayo," ulisema.

Kona ya pili, tena. Usukani ulikuwa mzito, niliona mabega yako yanavyohangaika kama unasonga ugali wa msiba. Harufu ikaingia. Mungu wangu, ile harufu! Mpira unaoungua, umechanganyika na manukato ya Shangazi Ruthi na mvuke wa makande yaliyokuwa yameanza kuchacha kwenye buti. Nyuma yetu moshi wa bluu. Eliamani akageuka polepole, na sauti yake ile ya kuombea chakula.

"Shangazi zangu, naomba mnisaidie. Tushuke kidogo kwenye hizi kona, tupunguze uzito."

"Tushuke?" Shangazi Namsifu akashika dari. "Na bibi harusi abaki na nani?"

"Na yeye ashuke tu, tutembee kidogo, hapo juu tutapanda tena."

"Weee! Akanyage udongo kabla ya kufika geti la mkwewe? Unataka aturudie kabla hata nguo haijafuliwa?"

"Shangazi, tairi linakatika."

"Tairi litanunuliwa. Mguu wa nuksi utaununua wapi? Nakundwa, kanyaga mafuta!"

Na wewe ukakanyaga.

Mimi nilikuwa katikati yao, Naku. Mwanamke wa makamo, mama wa binti anayeendesha gari, niliyekanyaga udongo wa nyumba ya ndoa ya kwanza nikiwa na miguu yote miwili na nuksi ikanifika hata hivyo. Ningesema tu, "Shangazi, nipishe, nashuka." Yangekuwa maneno matatu. Badala yake nikainamisha shingo kama mwali, nikashika shada la maua, nikaacha bati liule mpira na mpira uliwe. Shangazi Ruthi akatapika ndani ya kofia yake mpya. Kisha kishindo, na Bi Mkubwa akalala upande kwenye kona, na huo ukawa mwisho wa safari yetu ya kifahari.

Yaliyofuata yapo kwenye simu za ukoo mzima. Ile pikapu iliyokuwa inapeleka mbuzi wa sherehe ikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni kwetu, ili mguu wangu mtukufu usiguse ardhi. Wakatoa ubao wa kupandishia mbuzi wakautegesha. Shangazi Namsifu akaimba. Mimi na gauni langu la rangi ya maziwa, nililolishona mwenyewe, nikavuka kwenye ubao uliojaa samadi mbichi, nikaketi kwenye gunia kati ya mbuzi wawili waliokuwa wananitafuna utaji. Mtu mzima! Kinyaa kile bado kipo kwenye pua yangu. Nikikumbuka natamani kujikuna ngozi.

Ila kuna kitu simu hazikuonyesha. Eliamani alipanda nyuma yangu, akapiga magoti kwenye samadi ile na suruali yake ya suti, akatoa leso akaanza kunifuta pindo, taratibu, upande huu na ule, na mkono mwingine ameshika pembe za mbuzi asinisogelee. Akaninong'oneza, "Umependeza sana." Nikamtazama usoni nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Tulipofika, mama yake akanikumbatia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unanukia zizi?"

Nikamwonyesha pindo la gauni. Akacheka mpaka khanga ikadondoka. "Basi umeshakuwa wa hapa."

Nilidhani pale yameisha. Matairi mawili yalikuwa yameharibika, Bi Mkubwa akashushwa na tela la trekta, na nikasali kimoyomoyo yale mengine mawili yauzwe kwa anayeyataka. Lakini wewe ukatafuta mengine mawili yanayofanana nayo. Nakuelewa, mwanangu. Najua vijana wa stendi walivyokuita "fundi wa mbuzi", na najua neno hilo linakukereketa unapokwenda kuanza kazi kwenye gereji ya watu. Unataka kesho Bi Mkubwa akufikishe stendi, amekaa chini, matairi mapana yanazunguka bila kusaga, wale wale wakuone. Nimekuelewa mpaka hapo.

Ila leo nilikuwa hapa dirishani nikipachika zipu, nikawasikia wewe na Eliamani.

"Tukikata hapa kidogo tu," ulisema, "hata akijaa watu sita hayagusi."

"Kidogo kiasi gani, mama?"

"Vidole viwili. Pengine vitatu."

Niliinua macho. Eliamani alikuwa amevuta mkono wa shati lake mpaka kwenye kiganja, anafuta madigadi pale ulipokuwa umeonyesha, anafuta mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

"Bati la gari hili haliuzwi popote," alisema.

"Tutapaka rangi pembezoni, haitaonekana."

"Ukikata, ndiyo imeshakatwa."

"Mzee Eliamani, kama hutaki sema tu. Gari ni lako."

Na akasema, Naku, kwa ile sauti yake, "Hapana, nataka. Kama ndivyo unavyopenda, sawa."

Akaingia ndani. "Mke wangu, naomba ile chaki yako nyeupe." Nikampa. Nilidhani pengine atakataa akiwa mlangoni. Akatoka, akachora. Madigadi yote mawili ya nyuma, mstari mzuri. Kisha akaenda kunawa, akanawa mikono kama mtu aliyetoka kuzika, na makande yake yapo mezani mpaka sasa, yameganda.

Nilichukizwa na wewe, nisikufiche. Nilichukizwa na yeye zaidi. Nilitaka kutoka nimshike kola nimwambie, wewe mwanaume, umelitunza gari hili tangu hujaota mvi, usiku wa mvua unaamka kuangalia turubai, na leo unalitoa likatwe kwa kuwa msichana wa watu ameuliza? Halafu nikakaa chini, kwa sababu nilimjua mtu yule. Nilimjua kabisa. Alikuwa mimi.

Hujawahi kuniuliza kwa nini siimbi kwaya. Nilikuwa naimba. Nilikuwa sauti ya kwanza, na walimu wa kwaya kutoka huko milimani walikuwa wananiazima kwa sikukuu. Baba yako aliposema wanaume wananitazama mno, nikaacha. Hakunilazimisha, usimchukie kwa hilo. Alisema mara moja tu, nami nikajikata mwenyewe, vidole viwili. Akasema nacheka kwa sauti, nikajikata tena. Akasema kelele ya cherehani inamuumiza kichwa, nikaisukuma chini ya kitanda na kuifunika shuka. Nilidhani kila kipande ninachokitoa kinaongeza nafasi ya yeye kukaa vizuri. Alipokwenda machimboni na kuanzisha nyumba nyingine huko, nilibaki na wewe mgongoni na mwili uliojaa mapengo. Cherehani niliivuta ikatoka. Sauti haikutoka. Nimejaribu jikoni nikiwa peke yangu. Inafika mahali inakwama.

Kinachonichefua mpaka leo si yeye. Ni kile kitabasamu nilichokuwa nacho wakati najikata. Na leo nimekiona kwenye uso wa mume wangu.

Hufahamu kwamba anakubembeleza umkubali kama baba? Mimi alinipata kwa vibakuli vya miwa. Wewe hajui akupate vipi. Unamwita Mzee Eliamani kama unavyomwita mwenyekiti wa kitongoji. Akikusalimia unajibu vizuri, akikupa kiti unakaa, na kila siku ananiuliza, "Naku kala? Naku kacheka leo?" Siku mliyofunga matairi ndiyo siku pekee uliyompigia kelele za furaha. Kwa hiyo anadhani mlango wako upo pale, kwenye matairi, na ataukata hata mguu wake ili aingie. Nawe hujui kwamba umeshika msumeno. Hilo ndilo linaloniogopesha ukienda huko kwa watu. Nilijiandaa kukuonya juu ya watakaotaka ujikate. Sikuwahi kufikiri kwamba pengine kuna mtu atakuwa anajikata mbele yako, anatabasamu, nawe utaambiwa "sawa" na utaamini.

Na sitaingia kati. Ningeweza kumwambia fundi wa kuchomelea asije. Ningeweza kumnunia mume wangu mpaka aifute ile mistari kwa ajili yangu, lakini hapo atakuwa amekatwa na mimi badala yako. Ningeweza kukupigia kelele, ungeondoka kesho umefura, na Dodoma ni mbali mno kwa mtu kwenda akiwa amefura. Nilinyamaza nikiwa na tepu shingoni, nikanyamaza nikiwa na shada la maua. Safari hii nimesema, na nimemwambia anayehusika.

Vile vijitairi vya zamani vipo nyuma ya choo. Kuku wamelala humo na kuvichafua, utaziba pua, lakini havina pancha. Ukimwamsha Eliamani alfajiri mkavifunga pamoja hamtachukua muda. Utafika stendi na Bi Mkubwa akiwa mwembamba kama bibi anayekwenda ibadani, na vijana watakuita fundi wa mbuzi mpaka basi lipotee. Watakuita. Siwezi kukudanganya kwamba hawatakuita.

Au utalala, na utaamshwa na mlio wa bati. Bado utakuwa mwanangu, na bado nitakubebea begi.

Barua hii naiweka ndani ya kiatu chako cha kulia, maana wewe huwezi kutoka uani bila viatu, unaogopa kinyesi cha kuku kama mama yako. Eliamani yupo nje sasa hivi. Amelikunja turubai vizuri akaliweka pembeni, kama mtu ambaye hatalihitaji tena. Nimemsikia anaanza lile pambio lake la asubuhi, akaliacha katikati.

Chaki yangu ni ya vitambaa, Naku. Haitaki maji wala sabuni. Ukiweka kiganja na kuburuta mara moja, inatoka.

Mama yako.